MyoPro jikoni kwa Mama: gango lenye mota baada ya kiharusi

Mama alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita hapa Houston, na mkono wake wa kulia, aliouzoea kwa kila kitu kuanzia mwiko hadi tasbihi, ukabaki ukining'inia ubavuni huku vidole vikiwa vimejikunja. Mwaka jana alipata MyoPro, kifaa cha kampuni ya Marekani ya Myomo kilichotokana na utafiti ulioanzia chuo cha MIT, na tathmini hii naiandika baada ya miezi saba ya kumsaidia kukivaa na kukivua.

Ni gango la plastiki linalotengenezwa kwa vipimo vya mkono wa mgonjwa mwenyewe, lenye mota moja kwenye kiwiko na nyingine inayoendesha kidole gumba pamoja na vidole viwili vinavyokifuata. Vihisi vinavyogusa ngozi husoma umeme hafifu unaotoka kwenye msuli mtu anapojaribu kuukaza, hata kama jaribio hilo halitoshi kuusogeza mkono, kisha mota humalizia kazi iliyoushinda msuli. Kifaa hakiupigi msuli shoti, wala hakijiendeshi: asipokusudia kukunja, hakikunji. Ndiyo maana hakimfai kila mtu, kwani msuli ulionyamaza kabisa hauna cha kusomwa, na mkono uliokakamaa kiasi cha kutonyooka hata unaponyooshwa taratibu na mtu mwingine hauwezi kusogezwa na mota hizi.

Jambo la kwanza alilolitaka Mama ni kusonga ugali mwenyewe. Kazi hiyo, kama ajuavyo kila aliyewahi kuijaribu kwa mkono mmoja, haiwezekani, kwa sababu sufuria huzunguka pamoja na mwiko. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, mkono wa kulia ukiwa ndani ya gango uliushika mpini wa sufuria na wa kushoto ukasonga. Nami nilikuwa nimelifunika gango kwa taulo, maana halitakiwi kupata maji. Kushika kulimjia haraka, ila kuachia ndiko kulikomtesa. Ili vidole vifunguke, misuli ya kunyoosha lazima ifanye kazi, au ile ya kukunja itulie, na kwa aliyepata kiharusi kuutuliza msuli huwa kugumu kuliko kuukaza. Ugali ukaiva, jiko nikalizima, naye bado ameushika mpini, anacheka na kuniambia, "Usiniguse, mwanangu, nitaachia mwenyewe." Alivuta pumzi ndefu mara mbili, vidole vikafunguka.

Uzito wa gango ni takriban kilo 2, si jambo dogo kwa bega lililolegea, na bega lenyewe halina mota ya kuliinua. Kifundo cha mkono nacho hakina mota, hivyo hugeuzwa kwa mkono usio na tatizo kabla ya kushika kitu. Kukivaa kulituchukua dakika ishirini mwanzoni. Sasa ni kama saba.

Lililotuudhi zaidi halikuhusu kifaa. Kliniki ya kwanza tuliyokwenda ilimwahidi Mama kwamba mkono ungerudi kama zamani, na alilia alipokivua jioni ya kwanza akauona ulivyokuwa asubuhi. Hiki ni kifaa cha kumsaidia mtu akiwa amekivaa. Mazoezi ya viungo lazima yaendelee palepale. Mtaalamu wa pili, kabla ya kuzungumzia vipimo wala malipo, aliweka vihisi kwenye mkono wa Mama na kutuonyesha kwenye skrini mstari ukipanda kila alipojaribu kukaza. Asiyeonyeshwa mstari huo asikubali kupimwa gango.

Kuhusu fedha, tangu Januari 2024 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, inakihesabu kifaa hiki katika kundi la magango, yaani hulipiwa kwa mkupuo badala ya kukodishwa kwa mwezi. Kiwango kilichotangazwa mwaka huohuo kwa kile chenye mota ya kiwiko na ya vidole kinazidi dola 65,000. Medicare ikilipa asilimia 80, anayebakiwa na asilimia 20 bila bima ya nyongeza anadaiwa kama dola 13,000, kwa hiyo bima hiyo ikaguliwe mapema.

Mimi nakipa nyota nne kati ya tano. Mama anasema tatu, na hiyo ya nne ataitoa siku atakapokula wali kwa mkono wa kulia bila kukigeuza kifundo kwa wa kushoto.