Soweto au Sandton?

Sheria ya Afrika Kusini ya 1950 iliyogawa makazi kwa rangi ya watu ilifutwa 1991, kwa hiyo mkazi mweusi wa Johannesburg yuko huru kutoka Soweto, eneo walikotengewa weusi, na kuhamia Sandton, eneo la matajiri. Kizuizi ni pesa tu. Huko Sandton kuna treni ya kasi ya Gautrain na ofisi ziko karibu, lakini kuta ni ndefu na jirani unaweza usimjue hata jina. Ng'ambo ya barabara kuu upo mtaa wa maskini wa Alexandra, vibanda vimebanana.

Soweto ni mbali na kazi. Watu huamka gizani kuwahi vibasi, kama daladala zetu, ambavyo wao huviita teksi. Ila kukiwa na msiba, mtaa hujaa. Tena Mandela na Tutu wote walikuwa na nyumba Mtaa wa Vilakazi! Ningechagua Soweto, ingawa nakiri si mimi nitakayepanda teksi hiyo kila alfajiri.