CTC (kliniki ya VVU) ninapochukulia dawa, nyota 4 kati ya 5 (wenye kucha nyeusi na vipele someni)

CTC yenyewe ipo huku Dar, jina siweki, nimeanza nao 2012. Kipindi kile walinianzishia AZT, lamivudine na nevirapine. Wiki ya pili tu nikatoka vipele kifuani na mgongoni vinawasha balaa, nikarudi bila hata kusubiri tarehe ya kwenye kadi na hawakunifokea. Daktari akaniangalia mdomoni, akaniangalia macho, akauliza kama nina homa, akasema hii ni nevirapine ila yako nyepesi, hakunipandisha dozi mpaka vipele vikaisha kabisa. Akaniambia nikiona malengelenge au vidonda mdomoni au macho mekundu nije hata kama ni usiku wa manane. Hapo nyota 5 kabisa.

Kucha sasa. Baada ya miezi kadhaa kidole gumba kikatoa mstari mweusi, ukaja na kwa kingine, za miguuni nazo zikawa kama zina wino wa bluu. Mimi nikaona aibu kusema, duka la dawa mtaani wakaniuzia ya fangasi nikapaka weee wapi, nikahamia kucha za bandia kila mwezi pesa inaenda tu na kucha zangu zikawa laini zinakatika. Siku moja nesi akaniambia dada hebu futa hiyo rangi nizione. Kumbe wanazijua! Akasema ni AZT hiyo, sisi wenye ngozi nyeusi ndo inatutokea zaidi, siyo fangasi, haina madhara, na nisije nikathubutu kuacha dawa kisa kucha. Nililia jamani, miezi yote ile nilijua ndo naoza.

2019 tukahamishiwa TLD, kidonge kimoja kisicho na AZT, mstari ukawa unasogea mbele na mimi naukata kidogo kidogo mpaka ukaisha, za miguuni zilichukua zaidi ya mwaka.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya mabenchi ya koridoni, kila anayepita anakuona umekaa foleni ya CTC, hilo linaumiza na wengine linawafukuza kabisa. Dawa ni bure na huduma yao nzuri, wangetuwekea hata pazia.

Mkienda futeni rangi kabisa, hadi miguuni, maana siku ya watu wengi nesi hana muda wa kukuambia ufute.