Taji la Zirkonia Juu ya Kipandikizi cha Jino: Uzoefu Wangu Tangu 2014

Zirkonia, kauri ngumu iliyotumika kutengeneza jino langu la bandia, yenyewe haijanipa shida kubwa. Vilivyonipa kazi ni vitu vinavyoizunguka, yaani skrubu, ufizi na jino la juu linalokutana nayo ninapotafuna. Nasema hivyo nikiwa nimeishi na gego la bandia upande wa kushoto chini tangu mwaka 2014, nilipowekewa kipandikizi cha titani katika taya jijini Dar es Salaam, mfupa ukaachwa kwa miezi kadhaa ushikamane nacho, kisha taji, yaani kichwa cha jino la bandia, likafungwa juu yake.

Taji la kwanza lilikuwa la tabaka mbili: ndani zirkonia, nje porseleni iliyochomewa juu yake ili lifanane na jino halisi. Lilipendeza mno. Baada ya miaka michache kipande cha porseleni kilimeguka pembeni nilipokuwa nakula mahindi ya kuchoma, bila maumivu yoyote, ukabaki ukingo mkali uliokuwa ukinikwaruza ulimi. Daktari alinieleza kwamba kumeguka huko ni jambo la kawaida kwa mataji ya aina ile, kwa kuwa zirkonia huhimili mkunjo wa takribani megapaskali 1,000 (kipimo cha mkazo) ilhali porseleni huishia karibu na 100. Isitoshe, kipandikizi hakina zile nyuzi zinazolishikilia jino la asili katika mfupa na kutuhisisha nguvu ya kuuma. Mwenye kipandikizi huuma kwa nguvu kuliko anavyodhani.

Nikabadilishiwa taji la zirkonia tupu, na hilo hadi leo halijameguka wala kupata ufa, pamoja na kwamba sijaacha mahindi. Lililopungua ni uzuri. Nimekulia Arusha, ambako maji yanayopita kwenye miamba ya volkano yana floridi nyingi, na meno yangu yana madoa ya kahawia kama ya wengi wa huko. Fundi wa maabara aliyaiga madoa hayo kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini rangi ile hupakwa juu ya uso wa taji, na mahali panaposuguana imekwisha kufifia na kuacha weupe mzito usiopitisha mwanga. Kwa gego sijali. Kwa jino la mbele ningeomba kauri ya lithiamu disiliketi, ambayo haina uimara wa zirkonia lakini hupitisha mwanga karibu kama jino la asili.

Usumbufu wa kweli uliletwa na skrubu. Nilianza kuhisi taji likicheza kidogo nilipotafuna, nikadhani kipandikizi kinang'oka, kumbe ni skrubu inayolifunga taji iliyolegea. Taji langu halikugandishwa kwa saruji, yaani gundi ya meno. Lina tundu juu, lililozibwa kwa utepe mweupe uleule ambao mafundi bomba huzungusha kwenye nyuzi za mabomba, na juu yake kijazio cha rangi ya jino. Kazi ya kulifungua na kukaza upya ni fupi, lakini wakati huo nilikuwa nimerudi Arusha, na daktari wa huku hakuwa na bisibisi ya kampuni iliyotengeneza kipandikizi changu, kwani kila kampuni ina umbo lake. Ilibidi iagizwe. Anayewekewa kipandikizi leo adai kadi yenye jina na kipimo chake, aihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Faida nyingine ya kufungwa kwa skrubu ni kwamba hakuna saruji inayobaki chini ya ufizi, maana mabaki yake huweza kuleta uvimbe unaokula mfupa polepole bila mgonjwa kuhisi maumivu. Utando wa uchafu haushiki sana kwenye kauri laini, ila hushika, kwa hiyo napitisha uzi wa meno kila usiku na kupiga eksirei mara kwa mara.

Kuhusu jino la juu, taji lilipopunguzwa kimo ili meno yakutane sawasawa, nilisisitiza ling'arishwe upya kabla sijanyanyuka kitini, kwa sababu zirkonia iliyong'arishwa vizuri hulisaga jino linalokutana nayo kidogo tu, wakati iliyoachwa na mikwaruzo ya keekee huchakaza enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, haraka. Daktari hulikagua jino hilo kila ninapokwenda, na bado enameli yake ipo.