Msimu Mzima wa Dodgers Mtandaoni: Je, Mzigo Unastahili Ushuru Wake?

Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini, na mtu aliyedumu katika kazi hiyo huzoea kuuliza maswali mawili kuhusu kila kitu kinachoshushwa Kilindini: kimenunuliwa kwa bei gani, na kimetozwa ushuru kiasi gani. Maswali hayo hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipoanza kulipia MLB.TV, huduma ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani inayoonyesha mechi kupitia intaneti, nikaamua kuifuata timu moja tu, Los Angeles Dodgers, kwa msimu wote wa 2025. Kwa hiyo tathmini hii inahusu huduma na timu kwa pamoja, maana anayelipia huduma hii kwa ajili ya Dodgers hakosi kuuonja pia usajili wao, uwe mtamu au mchungu.

Kuhusu huduma yenyewe sina mengi ya kusema. Malipo hufanywa kwa dola, nami nilitumia ile kadi ya mtandaoni inayounganishwa na M-Pesa, kwa hiyo kiasi kinachokatwa hutegemea hali ya shilingi siku hiyo. Aliye Marekani huzuiwa kuona mechi za moja kwa moja za timu ya eneo lake, kwa sababu ya haki za vituo vya televisheni vya huko, lakini kizuizi hicho hakituhusu sisi wa Mombasa. Unaweza kuchagua watangazaji wa timu ya nyumbani au wa wageni, na unaweza kuficha matokeo ili usiyaone kabla ya kutazama. Kilichonifaa zaidi ni marudio yaliyofupishwa, ambayo huondoa muda wote wa kusubiri na kubakiza mpira unaporushwa na kupigwa; mechi ya saa tatu huisha kabla feri haijavuka Likoni na kurudi. Utangazaji wa Kiswahili haupo, na anayeanza bila kujua kanuni atatatizika. Mimi niliokolewa na raundasi tuliyocheza shule ya msingi, kwa kuwa michezo hiyo miwili ni ndugu. Picha ilikwama mara kadhaa, lakini kosa lilikuwa la mtandao wa nyumbani kwangu, na ugomvi huo ni wa siku nyingine.

Saa ndizo mtihani halisi. Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa kumi wakati wa kiangazi chao, hivyo mechi ya jioni huko ni ya alfajiri kwetu, na mechi zote za fainali za 2025 dhidi ya Toronto Blue Jays, ambapo bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne, zilianza baada ya saa tisa usiku. Mechi ya tatu ya fainali hizo nilianza kuitazama mtaa mzima ukiwa umelala. Mechi ya kawaida ina awamu 9, na katika kila awamu kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Hiyo ilikwenda awamu 18 na kuchukua zaidi ya saa sita na nusu. Adhana ya alfajiri ilisomwa, jua likachomoza, mama akaniletea mahamri na mbaazi akaniuliza, «Mwanangu, watu hao hawana kwao?» na bado timu zilikuwa sare. Ilipokaribia saa nne asubuhi ndipo Freddie Freeman alipoupiga mpira ukavuka uzio, Dodgers wakashinda 6 kwa 5. Kazini nilifika nimechelewa.

Sasa nije kwenye mzigo wenyewe. Msomaji aliyezoea kandanda hujua usajili kuwa ni klabu kuilipa klabu nyingine ili imwachie mchezaji. Katika besiboli ya Marekani mambo ni tofauti: mchezaji akishatimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu na mkataba wake ukaisha, huwa mchezaji huru, na fedha zote zinazotajwa magazetini huenda kwake, si kwa timu aliyotoka. Zaidi ya hayo, ligi haina kikomo cha mishahara. Tajiri anaweza kuingia sokoni na kununua anavyotaka, mradi awe tayari kulipa ushuru nitakaoueleza baadaye. Dodgers, walionunuliwa na kundi la wawekezaji la Guggenheim mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 2, na ambao mkataba wao wa televisheni wa miaka 25 una thamani ya zaidi ya dola bilioni 8, wameingia soko hilo kama mwenye harusi anavyoingia Marikiti.

Mizigo yao mikubwa, sawa na magari mengi yanayopita mikononi mwetu, imetoka Japani. Mwezi wa Desemba 2023 walimsajili Yoshinobu Yamamoto, mrushaji, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani, ambaye hakuwa amewahi kurusha hata mpira mmoja katika ligi ya Marekani, kwa miaka 12 na dola milioni 325, wakailipa pia klabu yake ya Orix zaidi ya dola milioni 50, kwa kuwa mchezaji anayetoka Japani kabla ya kuwa huru kabisa hulipiwa ada. Mwezi huo huo walikuwa wamekwisha kumpata Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga kwa kiwango ambacho hakuna mwingine wa zama hizi amekifikia, kwa miaka 10 na dola milioni 700.

Mkataba wa Ohtani ndio uliochukua muda mrefu kuniingia akilini. Kenya tumezoea lipa mdogo mdogo: unachukua simu leo, unalipa kila siku, na ukijumlisha mwishoni unakuta umelipa zaidi ya bei ya dukani. Ohtani alikubali kinyume chake. Kati ya hizo milioni 700, analipwa milioni 2 tu kila mwaka anapocheza, na milioni 680 zilizobaki atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Kwa kuwa dola itakayolipwa miaka kumi ijayo ina thamani ndogo kuliko ya leo, ligi inahesabu mkataba huo kuwa wa takriban dola milioni 46 kwa mwaka badala ya 70. Wapo wanaouita ujanja. Mimi nikiutazama kwa jicho la forodha naona thamani ya mzigo imetangazwa kwa kanuni iliyo wazi kwa kila mwagizaji, na hakuna aliyewazuia wengine kutumia kanuni hiyo. Tofauti ni kwamba wengine hawakuwa na Ohtani wa kuwakubalia.

Ushuru wenyewe huitwa kodi ya usawa wa ushindani. Mwaka 2025 timu iliyozidisha jumla ya mishahara ya dola milioni 241 ilitozwa kodi juu ya ziada hiyo, na kiwango hupanda kadiri timu inavyorudia kosa na kadiri ziada inavyokua. Kwa timu inayozidisha mwaka baada ya mwaka, ikiwa katika daraja la juu kabisa, kodi ni asilimia 110: kila dola moja anayopewa mchezaji inafuatwa na dola moja na senti kumi za kodi. Aliyewahi kuagiza gari na kukuta kodi inataka kuipita bei ya gari lenyewe ataelewa bila kufafanuliwa. Dodgers walitozwa zaidi ya dola milioni 100 kwa msimu wa 2024, na zaidi ya milioni 160 kwa ule wa 2025. Hawakushtuka. Mwezi wa Januari 2026 wakamsajili mpigaji Kyle Tucker kwa miaka minne na dola milioni 240, mzigo ambao ushuru wake pekee unaweza kuushinda mshahara wake.

Je, vilivyonunuliwa vilifanya kazi? Hapa ndipo anayetazama mechi anapojua mambo ambayo msomaji wa vichwa vya habari hayajui. Mrushaji Tanner Scott, aliyesajiliwa kwa dola milioni 72 kwa miaka minne ili afunge mechi timu inapoongoza, alipoteza uongozi mara 10 katika msimu wake wa kwanza, na kufikia Agosti nilikuwa nikimwona anaingia uwanjani nazima simu. Michael Conforto, aliyelipwa milioni 17 kwa mwaka mmoja, alipiga kwa wastani usiofika .200, yaani hakufaulu hata mara mbili katika kila kumi, na hakuingizwa kikosini ligi ilipofikia mechi za mtoano. Mrushaji Blake Snell, wa milioni 182, aliumwa bega akakosa miezi kadhaa. Timu nyingine ingezama kwa hasara moja tu kati ya hizo tatu. Dodgers walishinda mechi 93, na nadhani hicho ndicho fedha inachokununulia hasa katika besiboli: ruhusa ya kukosea. Ukiwa na mechi 162 za kucheza, majeruhi ni lazima, na mwenye ghala lililojaa hufungua kreti nyingine.

Yamamoto, hata hivyo, alilipa kila senti. Katika fainali alishinda mechi ya pili akiirusha yote peke yake, akashinda ya sita, na usiku uliofuata, ambapo mrushaji wa kawaida angekuwa amefunga bega kwa barafu, akarudi kuimaliza ya saba na kutangazwa mchezaji bora wa fainali. Naye Ohtani, katika mechi ya nne ya hatua iliyotangulia fainali, dhidi ya Milwaukee Brewers, aliupiga mpira ukavuka uzio mara tatu usiku uleule aliowatoa wapigaji kumi kwa urushaji wake. Niliitazama mara mbili, na ya pili sikufupisha.

Lakini nikiulizwa ni nani aliyeokoa ubingwa, jibu langu halimo katika orodha ya walionunuliwa sokoni kwa bei kubwa. Katika mechi ya saba, awamu ya 9, Dodgers wakiwa nyuma kwa alama moja na mechi ikikaribia kuisha, aliyeupiga mpira ukavuka uzio na kusawazisha alikuwa Miguel Rojas, mkongwe wa miaka 36 ambaye hakuna aliyenunua jezi kwa ajili yake. Pigo la ushindi katika awamu ya 11 lilitoka kwa Will Smith, aliyelelewa na Dodgers wenyewe tangu ujana. Na ile mechi ndefu ya awamu 18 ilibebwa mwishoni na Will Klein, mrushaji wa akiba aliyezuia awamu nne bila kuruhusu alama, wakati waliobaki kwenye benchi walikuwa wachache.

Ami yangu ni shabiki wa Chelsea, na nilipomweleza kwamba Todd Boehly, aliyeingia Chelsea mwaka 2022, ni mmoja wa wamiliki wa Dodgers, aliguna, akasema, «Basi akili ameziacha huko, sisi tumeletewa pochi tu.» Sikuwa na la kumjibu, maana New York Mets nao ni matajiri, wakampa Juan Soto dola milioni 765 kwa miaka 15, mkataba mkubwa kuliko wote wa mchezo huo, na msimu wake wa kwanza nao wakashindwa hata kuingia mtoano. Anayefikiri kwamba kwa Dodgers ni fedha tu aitazame Mets kwa mwezi mmoja.

Dhuluma ninayoiona iko upande wa timu ndogo. Brewers, wenye bajeti ya kiasi, walikuwa na rekodi bora ya ligi nzima kwa ushindi 97, wakawapiga Dodgers katika kila mechi ya msimu wa kawaida, yaani sita kwa nunge. Oktoba ilipofika, Dodgers walikuwa na Snell aliyepona, Yamamoto, Tyler Glasnow na Ohtani wakipokezana kurusha, na Brewers wakatoka kwa 4 kwa 0. Dodgers walicheza vizuri, sikatai, lakini nilipomaliza kutazama mechi ya nne nilijiona kama mtu aliyeshangilia tajiri anayeshinda mnada wa shamba la jirani yake.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni kulipia mwezi mmoja kwanza, tena wa Septemba, vita vya kuingia mtoano vinapopamba moto, na kutegemea marudio badala ya kukesha. Anayependa timu dhaifu ikimwangusha mkubwa asichague Dodgers. Anayetaka kuona kazi ya ustadi wa juu, bila kujali iligharimu kiasi gani, hatapata bidhaa bora kuliko hii kwa sasa, nami ningeipa nyota nne kati ya tano; moja nimeikata kwa ajili ya Milwaukee.

Msimu wa 2026 nimeshaulipia wote kwa pamoja. Wa 2027 nitangoja, kwa kuwa mkataba kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026, suala la kikomo cha mishahara limo katika mvutano wao, na sijawahi kulipia ghala kabla ya kujua meli itatia nanga.