Dekio la ndoo ya kuzungusha, kwa nyumba ya marumaru Mbeya

Nyumba nyingi za marumaru hapa Mbeya bado zinapigwa deki kwa tambara. Tambara linasafisha, hilo halina ubishi, ila mkono hauwezi kulikamua likabaki na unyevu tu. Baridi ya Juni na Julai ikishika, maji yanakaa sakafuni, watu wanapita na nyayo zinabaki zimechorwa. Hapo ndipo dekio la ndoo ya kuzungusha linapostahili pesa yake: kichwa chake cha nyuzi kinakamuliwa kwa kuzungushwa kwenye kikapu kilicho ndani ya ndoo, na likizungushwa vizuri, chumba kinakauka kwa dakika chache hata asubuhi.

Yapo ya kukanyaga kwa mguu na ya kusukuma mpini. Chukua la kusukuma. Kanyagio lina meno ya plastiki chini ya ndoo, na yakilika huwezi kuyafikia. La kusukuma linabeba kazi yote kwenye mpini: ndani ya bomba kuna chuma kilichosokotwa, ukisukuma chini kichwa kinazunguka. Mpini ukifa, unabadilisha mpini, ndoo inabaki.

Kabla ya kulipa pale Mwanjelwa au Kabwe, lifungue dukani. Kikapu cha bati huwa ghali kuliko cha plastiki, lakini kinadumu; cha plastiki hupasuka kwenye kitovu kinapokaa juu ya pini. Funga vipande vya mpini mpaka mwisho uone kama uzi wa skrubu unashika. Kisha jaribu kifungio cha mpini: kikiwa wazi mpini uzunguke, kikifungwa usishuke hata ukiuegemea. Wengi wanarudisha dekio wakidai limeharibika kumbe wanadeki kifungio kikiwa wazi. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kulazimisha kuzungusha wakati kimefungwa. Hilo linavunja kifungio chenyewe.

Dekio hili halifagii, na kosa linalomaliza marumaru za Mbeya ni kuliingiza kwenye vumbi. Vumbi letu lina majivu ya volkano, chembe zake zinakwaruza. Likilowa linageuka uji wa kijivu unaojaa kwenye mistari kati ya marumaru, na ukikaukia pale utautoa kwa brashi. Kwa hiyo kila siku anza na fagio laini la ndani, kutoka kwenye kona kuelekea mlangoni, zoa kwa kizoleo. Kama jiko la mkaa linatumika, jivu litoke kwanza likiwa limepoa, ndipo ufagie. Vumbi la mkaa likikutana na maji linaacha michirizi myeusi.

Maji yasipite alama iliyo ndani ya ndoo. Yakigusa kikapu, yatarukia ukutani ukizungusha. Kwa lita 5, kifuniko kimoja cha sabuni ya maji kinatosha. Sabuni ikizidi inabaki sakafuni kama utando unaonata, na kufikia jioni vumbi limeganda juu yake. Watu wanadhani sakafu haikudekiwa, wanaongeza sabuni, hali inazidi. Sabuni ya unga iache kwa nguo, povu lake linajaa kikapu. Sukuma mpini mara 8 hadi 10, kisha deki ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Suuza kichwa kila baada ya mita chache za mraba na ubadilishe maji yakishakuwa ya kijivu. Vyumba na sebule vitangulie, jikoni kufuate kwa maji ya vuguvugu kwa sababu ya mafuta. Chooni kuwe na kichwa chake peke yake, na Jik isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ni hatari kwa mapafu.

Kwenye sementi ya kukwaruza, dekio hili halifai. Nyuzi zinanasa na kukatika, fagio la chelewa na maji vitafanya kazi nzuri zaidi. Masika pia linaelemewa, tope la mlangoni likwanguliwe na kufutwa kwa tambara kwanza.

Malalamiko makubwa ni harufu, nayo inatokana na kichwa kulala ndani ya ndoo kikiwa kimelowa. Kisuuze, kizungushe, kichomoe, kianikwe juani. Wakati wa baridi hakikauki kwa siku moja, hivyo viwe viwili vya kupokezana. Usikichemshe wala kukitia dawa ya kulainisha nguo, maana inafunika nyuzi na zinaacha kunyonya maji. Ukienda kununua cha ziada, beba kile cha zamani ukipime na kipya: sahani nyingi zinazoshika nyuzi zina upana wa karibu sentimeta 16, lakini meno ya kushikilia hayafanani, na kisichoshika sawasawa kitachomoka kikapuni ukizungusha.