Chombo cha kuchorea chati za pointi na figa: kipi kinastahili fedha yako

Mwenye hisa chache katika soko la Nairobi au la Dar es Salaam hufuatilia bei ambayo siku nyingi hupanda kidogo na kushuka kidogo, na chati ya kawaida humchorea kila mtikisiko huo kana kwamba una uzito. Chati za pointi na figa huiondoa mitikisiko hiyo. Wafanyabiashara wa Marekani walianza kuzitumia mwishoni mwa karne ya 19, bei zilipokuwa zikiandikwa kwa mkono, na kanuni yake haijabadilika: bei ikipanda huchorwa safu ya alama za X, ikishuka huchorwa safu ya alama za O, na isipokwenda popote hakichorwi kitu, hata ipite miezi miwili.

Tuchukue mfano wa hisa ya shilingi 20, kisanduku kimoja, yaani mwendo wa bei unaobebwa na X au O moja, kiwe shilingi 1, na mgeuko, yaani mwendo wa kurudi unaotosha kuhamia safu mpya, uwe visanduku 3. Bei ikipanda, safu ya X inafika 23. Ikirudi 22, kisha 21.50, kisha 20.60, kalamu inabaki mezani, kwa sababu haijashuka visanduku vitatu kamili. Siku itakayofunga kwa 20, unahamia safu ya kulia na kuweka O kwenye 22, 21 na 20. Baadaye ikifunga kwa 23 unaanza safu mpya ya X kwenye 21, 22 na 23, na ikifika 24 imekipita kilele cha safu ya X iliyotangulia. Hiyo ndiyo ishara ya kununua iliyo rahisi kuliko zote, na ukikosea ukubwa wa kisanduku, ishara hiyo haina maana.

Hapo ndipo zana nyingi zinapomponza mnunuzi wa kwetu. Kipimo cha kimapokeo kinachowekwa na programu nyingi kiliundwa kwa bei za dola: kati ya 5 na 20 kisanduku ni 0.50, kati ya 20 na 100 ni 1, kati ya 100 na 200 ni 2. Ukikipeleka kipimo hicho kwenye hisa ya shilingi 6 ya Nairobi, kisanduku kimoja kinakuwa zaidi ya asilimia 8 ya bei, na mgeuko wa visanduku vitatu unadai bei ipoteze robo nzima kabla ya O ya kwanza kuandikwa. Mwenye hisa atakuwa ameumia muda mrefu kabla chati haijamwambia lolote. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba chombo kikuruhusu kuweka kisanduku mwenyewe, na ikiwezekana kwa asilimia. La pili ni kuwa na bei za soko lako. Niliwahi kulipia mwaka mzima programu moja kwa sababu picha zake zilinivutia, na baada ya malipo kupita nikatafuta hisa za Dar es Salaam nisizione, fedha haikurudi. Tangu siku hiyo hutafuta jina la hisa yangu kwanza, ndipo nisome bei ya huduma.

Nafasi ya kwanza ni ya daftari la miraba na penseli, na silitaji kama mzaha wala kama hatua ya kupitia tu. Kwa mtu mwenye hisa tano au sita, orodha ya bei za kufunga ikitoka jioni, kazi yote huchukua dakika kumi, na siku nyingi hakuna cha kuandika. Andika bei pembeni upande wa kushoto kutoka chini kwenda juu, kila mraba kisanduku kimoja, na mwezi unapoanza weka namba yake badala ya X au O ya kwanza ya mwezi huo: 1 hadi 9, kisha A, B na C kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Daftari langu la sasa lina hisa moja iliyokaa kwenye safu moja ya O kutoka mwezi wa 3 hadi mwezi wa 8, na kila nilipofungua ukurasa ule niliona kwa macho kwamba sikuwa na sababu ya kuongeza nyingine. Faida nyingine ni gawio. Bei hushuka siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, na anayechora kwa mkono anajua siku hiyo, hivyo haandiki O ya uongo. Programu isiyorekebisha bei humwandikia.

Ya pili ni TradingView, tovuti na programu ya chati za bei, kwa yule anayefuatilia hisa nyingi au asiyepata nafasi kila jioni. Ina chati za pointi na figa pamoja na bei za soko la Nairobi, na inatumika kwenye simu. Tahadhari yake ni moja, lakini ni kubwa. Ukiacha kisanduku kihesabiwe kwa ATR, yaani wastani wa upana wa mwendo wa bei wa siku zilizopita, ukubwa wake hubadilika soko linapotulia au kuchafuka, na chati nzima huchorwa upya. Ishara uliyoiona wiki iliyopita inaweza isiwepo leo. Ingia kwenye mipangilio, chagua kipimo kisichobadilika, andika ukubwa wako, kisha uhakikishe kwamba kifurushi unacholipia kinakupa aina hii ya chati kwa kipindi unachokitaka.

Kama fedha zako ziko Marekani, mpangilio huu unageuka, na StockCharts, tovuti ya chati za soko la huko, inakuwa ya kwanza. Ndugu zetu wanaoishi huko na kuweka akiba ya uzeeni katika mifuko inayouzwa sokoni, mfano SPY inayofuata kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani kiitwacho S&P 500 tangu 1993, hawatapata mahali bora pa kuanzia. Chati zake za pointi na figa hupatikana bila malipo kwa kiwango cha kawaida, kisanduku huwekwa kimapokeo, kwa asilimia au kwa ukubwa wako, na bei za zamani hurekebishwa kwa ajili ya gawio. Huonyesha pia bei inayotarajiwa kufikiwa, ambayo huhesabiwa kwa urefu wa safu. Ichukue kama makadirio, usiifanye ahadi. Kwa hisa za Afrika Mashariki haina msaada.

Jedwali la Excel au la LibreOffice, ambayo ni ya bure, naliweka nyuma ya hizo tatu. Linamfaa anayependa fomula na mwenye faili la bei za miaka mingi, lakini kosa moja la kukadiria desimali hugeuza safu nzima bila kukuonya.

Za mwisho ni huduma za wataalamu kama Optuma, Updata na Dorsey Wright, kampuni ya Virginia iliyoanzishwa 1987 na kununuliwa na Nasdaq 2015. Ni kazi nzuri, ila zimetengenezwa kwa ajili ya madalali na washauri wanaosimamia fedha za watu wengi. Mwenye hisa zake mwenyewe asizinunue.

Kuhusu mifuko ya uwekezaji wa pamoja, aina ya mfuko inatangulia chombo. Mfuko wa soko la fedha hulimbikiza riba kila siku, na mfuko wa hati fungani mara nyingi hupanda polepole na kurudi nyuma kidogo tu. Ukichora chati, mara nyingi utapata safu moja ndefu ya X, kazi bure. Mfuko wenye hisa ndani yake, kama Umoja wa UTT AMIS ya Tanzania ulioanza 2005, unachoreka. Thamani ya kipande hutangazwa mara moja kwa siku, kwa hiyo mbinu ya kuchora kwa bei ya juu na ya chini ya siku badala ya bei ya kufunga haihusiki, na kisanduku cha asilimia 1 kinatosha kwa sababu mchanganyiko wake hutuliza mwendo wa thamani.

Kabla ya kulipia huduma yoyote, omba kipindi cha majaribio, chagua hisa moja unayoijua vizuri, na uichoree safu kumi kwa mkono kwa bei za kufunga. Kisha fungua hisa hiyohiyo kwenye programu kwa kisanduku hichohicho na mgeuko huohuo, na uhesabu safu moja baada ya nyingine. Zikitofautiana, tafuta kwanza kama programu inatumia bei za juu na za chini, halafu angalia tarehe za gawio. Ukikuta tofauti ambayo huduma yenyewe haiwezi kukueleza, usitoe kadi yako.