Springsteen na E Street Band: walifanya vyema kurudiana

Nilinunua CD hizi mbili, Live in New York City, nikiwa na wasiwasi. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, aliachana na bendi yake mwaka 1989, wakarudiana 1999, na mimi kiporo cha muziki huwa sikitamani. Nilikosea kabisa! Sikiliza Tenth Avenue Freeze-Out, zaidi ya dakika 15. Anawatambulisha wenzake mmoja mmoja, na saksafoni ya Clarence Clemons inapoingia, nzito, yenye pumzi, ukumbi wa Madison Square Garden unalipuka. Nilizima pasi, nikakaa kitako nisikilize. Bruce peke yake alikuwa na nyimbo nzuri, ila hakuwa na wa kumwitikia hivi. Makofi tu yangepunguzwa kidogo. Nyota 5, na shati bado halijanyooshwa.